Jina ni Lako, Funguo Anazo Nani? Mwongozo Kamili wa Kulinda Alama ya Biashara Inayoishi kwenye Wingu

Siku tovuti yetu ilipozimika nilikuwa ndani ya matatu, nimekwama barabara ya Bunyala, Nairobi, mteja ananipigia kuuliza kama tumefunga biashara. Cheti cha usajili kilikuwa ukutani ofisini, kimewekewa kioo kabisa. Hakikusaidia kitu. Kikoa chetu, yaani anwani ya tovuti, kilikuwa kimeandikishwa kwa baruapepe ya kijana aliyetujengea tovuti miaka minne nyuma, na ilani zote za kulipia zilikuwa zikienda kwake. Kijana mwenyewe alikuwa ameshahamia Mombasa, ameacha kazi ya kompyuta, na nywila ya baruapepe ile hakuikumbuka. Tulikaa siku kumi na moja bila tovuti, na bila baruapepe za ofisi pia, kwa sababu zilikuwa zimefungwa kwenye kikoa kile kile.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "jina letu limesajiliwa", humuuliza limesajiliwa wapi, na funguo anazo nani. Mawakili hushughulikia swali la kwanza. La pili huachiwa vijana wa kompyuta. Hasara nyingi nilizoziona Nairobi zilitokea katikati ya hao wawili, ndiyo maana mwongozo huu unayashika yote mawili pamoja.

Hatua ya kwanza: andika funguo zote kwenye karatasi moja

Kabla hujamlipa wakili, chukua daftari la kawaida. Piga mistari upate safu nne: kitu chenyewe, kimeandikishwa kwa jina la nani, msimbo wa kuingilia unatumwa kwa simu ya nani, na kinaisha lini. Kisha orodhesha: kikoa, baruapepe za ofisi, akaunti ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, kurasa za Facebook na Instagram, akaunti ya matangazo ya Google, WhatsApp ya biashara, programu iliyo Play Store, folda yenye nembo, na namba ya tili ya kupokelea M-Pesa.

Safu ya tatu ndiyo itakayokutoa jasho. Utakuta kurasa zenye wafuasi elfu arobaini zinafunguliwa kwa msimbo unaoingia kwenye simu ya mwanafunzi wa mafunzo aliyeondoka mwaka juzi. Utakuta akaunti ya matangazo iko ndani ya akaunti ya wakala, na siku mkikosana anaondoka na historia yote ya matangazo yenu.

Rekebisha hivi. Nunua laini ya simu kwa jina la kampuni, ikae kwenye simu ya bei rahisi ndani ya droo ya ofisi, ipokee misimbo yote. Andikisha akaunti kwa baruapepe ya kampuni, wala si ya mtu binafsi. Wakala au fundi mpe ruhusa ya kuingia kama mgeni ambaye unaweza kumwondoa kwa kubofya mara moja. Usimkabidhi nywila kuu. Na hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazoefu huusahau: akaunti unayolipia kikoa isitumie baruapepe iliyo ndani ya kikoa hicho hicho. Kikoa kikiisha muda, baruapepe inakufa nacho, na msimbo wa kukuwezesha kukilipia unatumwa kwenye sanduku ambalo halipo tena. Hilo ndilo lililotupata sisi.

Wingu, yaani kompyuta za watu wengine unazozitumia kupitia mtandao, ukitaka kulielewa haraka, ni nyumba ya kupanga. Vyombo ni vyako lakini ukuta si wako, na mwenye nyumba ana orodha ndefu ya masharti uliyoikubali bila kusoma. Humo mna mambo matatu ya kutafuta: ukifungiwa akaunti una siku ngapi za kuchukua data zako, mkigombana mtashtakiana katika nchi gani, na kama umewaruhusu kutumia jina na nembo yako kujitangaza. Hilo la mwisho limo kwenye mikataba mingi ya huduma hizi. Kwa duka la nguo huenda halina shida, lakini ofisi ya mawakili au kliniki isiyotaka wateja wajue data zao zinakaa wapi ina sababu ya kuomba kifungu hicho kiondolewe.

Hatua ya pili: tenganisha jina la kampuni na alama ya biashara

Kosa hili nalikuta kila wiki. Mtu anaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anahifadhi jina kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, anapata cheti, anaona kazi imekwisha. Cheti hicho kinasema kampuni au biashara yako ipo. Hakikupi haki ya kumzuia mwingine asiweke neno hilo kwenye pakiti ya unga au kwenye programu ya simu.

Haki hiyo inatokana na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na daftari lake linashikwa na Taasisi ya Mali ya Kiviwanda ya Kenya, KIPI. Ukisajiliwa, ulinzi unahesabiwa kuanzia tarehe uliyowasilisha ombi, unadumu miaka 10, na unaweza kuuhuisha miaka 10 mingine kila unapoisha. Usiposajili hujaachwa mikono mitupu kabisa: unaweza kumshtaki anayejifanya ni wewe na kuuza kwa sifa zako. Lakini hapo mzigo ni wako kuthibitisha kwamba una sifa, kwamba wateja wamedanganyika, na kwamba umeumia. Mwenye cheti cha KIPI anaanza safari hiyo akiwa ameshafika katikati.

Sasa jina lenyewe. Sheria inapenda neno la kubuni, au neno ambalo halielezi moja kwa moja bidhaa au ubora wake. Majina ya mahali na ya ukoo, yakiwa katika maana yake ya kawaida, yana shida vile vile. Wenzangu wa teknolojia hujikwaa sana hapa. Ukiita huduma yako ya kuhifadhi data "Wingu", usidhani msajili haelewi Kiswahili. Ni sawa na kuita maziwa "Maziwa". Hata wakubwa wamejaribu: Dell iliomba Marekani mwaka 2007 kusajili maneno yenyewe yanayomaanisha kompyuta za wingu, na Agosti 2008 ofisi ya huko ikabatilisha hatua ya awali ya kulikubali ombi hilo, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa yameshakuwa ya wote.

Ukipata jina, lisake sehemu zote siku moja: BRS, KIPI kwa ombi rasmi la upekuzi, Play Store, Instagram na kwenye vikoa. Na usisake tahajia tu. Lisome kwa sauti, kisha mwambie mtu mwingine aliandike alivyolisikia. Kwetu hapa "Kwik", "Quick" na "Kuiki" vinatamkwa sawa redioni, na msajili anaangalia sauti na sura kama anavyoangalia herufi. Microsoft ilijifunza kwa gharama kubwa: mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilikubaliana na kampuni ya televisheni ya Sky kwamba SkyDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft, ilivunja haki zao, na mwaka 2014 huduma hiyo ikabadilishwa jina duniani kote ikawa OneDrive. Neno moja tu lilifanana.

Hatua ya tatu: chagua makundi kwa akili

Bidhaa na huduma zimegawanywa katika makundi 45 yanayotumika kimataifa: kundi la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Unalipia kila kundi, kwa hiyo uchaguzi huu unagusa mfuko.

Chukua mfano wa vijana wa Kilimani waliotengeneza programu ya kuwasaidia wenye nyumba kukusanya kodi. Programu ambayo mpangaji anaipakua kwenye simu iko kundi la 9. Ukurasa ambao mwenye nyumba anaufungua kwenye kivinjari, bila kupakua chochote, ni huduma ya wingu, nao uko kundi la 42. Kupokea na kupitisha malipo ni kundi la 36. Wakianza kuwauzia wengine nafasi ya matangazo ndani ya programu, wameingia kundi la 35. Wengi husajili la 9 peke yake kwa sababu wanasema "sisi tuna app", kumbe biashara yao halisi, ile inayolipiwa kila mwezi, iko la 42 bila ulinzi. Fedha zikitosha makundi mawili tu, mimi ningechukua la 42 kwanza.

Usijaze makundi kwa uroho pia. Sky hao hao waliishtaki SkyKick, kampuni iliyokuwa ikisaidia watu kuhamishia baruapepe na data kwenye wingu la Microsoft. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na Novemba 2024 ikaamuliwa kwamba Sky walikuwa wamesajili sehemu ya orodha yao kwa nia mbaya, kwa kutaja vitu ambavyo hawakuwahi kukusudia kuviuza. Orodha ilikuwa na hadi mijeledi na dawa za kung'arisha nguo. Hukumu hiyo haiifungi mahakama yetu ya Milimani, Nairobi, ila mawakili wetu hupenda kuchungulia hukumu za huko. Na hapa kwetu alama isiyotumika kwa miaka 5 mfululizo inaweza kuombewa ifutwe daftarini.

Hatua ya nne: wasilisha ombi

Hii ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Fomu ya upekuzi ni TM 27, ya ombi ni TM 2. Mkaaji wa Kenya anaweza kujiwasilishia mwenyewe. Aliye nje lazima apitie wakala. Angalia ada za sasa kwa KIPI wenyewe, usitegemee karatasi ya rafiki yako. Afisa anakagua, akiridhika alama inatangazwa kwenye Jarida la Mali ya Kiviwanda, na umma una siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya, unalipia na kupewa cheti.

Andika mwombaji kwa jina la kampuni. Nimeona wabia wawili, marafiki wa tangu chuo, wakitengana, na alama ikabaki na yule aliyekuwa na nafasi siku ya kwenda KIPI.

Kuhusu vialama vidogo: ™ unaweza kuiweka leo hii, haina masharti. Lakini ® ingoje cheti, maana kujidai umesajiliwa ilhali hujasajiliwa ni kosa la jinai.

Na nembo imetoka wapi? Sheria yetu ya Hakimiliki inahesabu kwamba aliyeagiza kazi ndiye mwenye haki, isipokuwa mmekubaliana vingine, hivyo msanii wa nembo hakusumbui sana. Anayesumbua ni yule aliyechukua picha iliyo tayari kwenye Canva, tovuti ya kutengenezea michoro, akabadilisha rangi, akakuletea. Picha za maktaba ile unazitumia kwa leseni, na watu wengine maelfu wanayo leseni hiyo hiyo. Masharti yake hayakuruhusu kuzifanya alama yako ya biashara. Muulize msanii akuonyeshe michoro ya mwanzo, hata kama ni ya penseli. Asipokuwa nayo, shuku.

Hatua ya tano: kikoa, na mipaka ya nchi

Vikoa vya .ke vinasimamiwa na KeNIC, na unavinunua kwa mawakala wao. Chukua cha .co.ke na cha .com kwa pamoja kama vyote vipo, ulipie miaka kadhaa mbele. Mtu akikutangulia kununua .com kwa nia ya kukuuzia kwa bei ya kuruka, kuna utaratibu wa kimataifa uliopo tangu 1999 unaosikilizwa na WIPO, Shirika la Mali Miliki Duniani, miongoni mwa wengine, bila kwenda mahakamani. Lazima uthibitishe mambo matatu: kikoa kinafanana na alama yako, mwenye nacho hana haki halali juu yake, na alikisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Ada ya WIPO kwa msuluhishi mmoja ni dola 1,500, na cheti cha KIPI ndicho kinachorahisisha jambo la kwanza.

Cheti hicho hakivuki Namanga. Kila nchi ina ofisi yake ya usajili: Uganda utaenda URSB, Tanzania Bara ni BRELA, na Zanzibar wana ofisi yao. Tovuti ya wingu inafunguka Arusha na Kampala siku ile ile unayoizindua, lakini haki yako bado iko Nairobi. Una miezi 6 tangu ombi lako la Kenya ya kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Ratibu hilo mapema.

Hapo ndipo watu wanauliza habari za "Hakuna Matata". Ndiyo, Disney waliliomba Marekani mwaka 1994 na wakasajiliwa 2003, kwa ajili ya nguo. Hakuna aliyekuzuia kulisema, wala kuliandika kwenye bango la hoteli Diani. Ila ukitaka kuuza fulana zenye maneno hayo Marekani, ongea na wakili kwanza.

Hatua ya sita: jina la mwenzako kwenye tangazo lako

Hii ni ya wauzaji wa kidijitali, na najua mnaifanya. Kulipia jina la mshindani kama neno la kutafutia: Google haikatazi. Inachoweza kuzuia, mwenye chapa akilalamika, ni jina hilo kuonekana ndani ya maandishi ya tangazo. Mahakama ya Ulaya ililipima suala hili mwaka 2010 katika kesi ya Louis Vuitton dhidi ya Google, ikasema Google yenyewe haikuvunja alama kwa kuuza maneno hayo, lakini mtangazaji anaweza kuwajibika ikiwa msomaji wa kawaida hawezi kujua bidhaa inatoka kwa nani. Kipimo hicho ni kizuri hata kwetu. Msomeshe tangazo lako mlinzi wa jengo, umuulize hii ni kampuni gani. Akitaja mshindani wako, futa.

Ukisema unapokea M-Pesa, sema hivyo tu. Kuikuza nembo yao ikaizidi yako, au kuandika "washirika rasmi" kwa kuwa una tili, hilo ni jambo jingine. Beji za washirika wa AWS (wingu la Amazon), Microsoft au Google Cloud nazo zina masharti: lazima uwe ndani ya mpango wao, na ukitoka unaziondoa. Kukodi seva kwao kunakufanya mteja, kama mimi.

Programu huria, zile ambazo msimbo wake wa kompyuta uko wazi kwa wote, huwachanganya wengi. Leseni inakupa msimbo, haikupi jina. Amazon walianzisha mwaka 2015 huduma iliyobeba jina la Elasticsearch, programu ya kutafutia data. Elastic, wenye jina hilo, wakawashtaki 2019. Leo huduma ile inaitwa OpenSearch, na kesi ilimalizwa kwa makubaliano Februari 2022. Vivyo hivyo, ukijenga tovuti za WordPress, usiliweke neno WordPress kwenye kikoa chako. Wenye jina wamelikataza waziwazi.

Hatua ya saba: orodha ya wateja nayo ni sehemu ya jina

Data ya wateja ikivuja, hakuna atakayekumbuka jina la kampuni ya seva. Watataja lako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uiarifu Ofisi ya Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru watu, na yule anayekuhifadhia data anatakiwa akujulishe wewe ndani ya saa 48. Hakikisha mkataba wako na mtoa huduma unasema hivyo hivyo, maana mikataba mingi ya kunakili inasema tu "bila kuchelewa".

Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haifungwi na sharti la kujisajili kwa Kamishna. Lakini msamaha huo hauwafikii wanaofanya hasa kazi ya kutangaza moja kwa moja kwa wateja, yaani wale wa jumbe za simu na baruapepe. Wakala mdogo wa watu watatu pale Ngara anaweza kuwa ndani ya sheria bila kujua. Seva ikiwa Ireland au Afrika Kusini, umepeleka data nje ya nchi, na unapaswa uweze kuonyesha kwamba kule iko salama au mteja ameridhia.

Picha pia ni data. Septemba 2023 Kamishna aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Ilikuwa picha ya kawaida ya kujitangaza, kama zile unazopanga kupandisha Ijumaa.

Hatua ya nane: ukiibiwa jina

Usianze kwa kumtukana mwizi kwenye maoni. Atafuta ushahidi. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe na anwani kamili ya ukurasa, nunua kitu kimoja kwake kwa M-Pesa ubaki na ujumbe wa malipo, hifadhi bidhaa na risiti. Kisha tumia fomu za malalamiko ya alama za biashara za Meta (wenye Facebook na Instagram), Google au Play Store. Zinauliza namba ya usajili na nchi, na mwenye cheti anajibiwa kwa urahisi kuliko mwenye hasira. Mshirikishe wakili kabla ya barua ya onyo kwenda, hasa kama mwizi amewahi kujisajilia jina lako, kwa sababu hapo mgogoro ni wa KIPI au Mahakama Kuu, na fomu za mtandao hazitausuluhisha.

Wakati wote huo endelea kujiwekea ushahidi wa matumizi yako mwenyewe. Kila robo mwaka mimi hupiga picha ya tovuti, ya pakiti, ya bango, na ya ankara moja yenye nembo, nazitia kwenye folda yenye jina la mwezi na mwaka. Folda iko kwenye wingu. Imeandikishwa kwa baruapepe ya kampuni, na msimbo wake unaingia kwenye ile simu ya droo.